Safu ya Lugha: Kutwa

Tunasema "mchana kutwa" bila kulitazama neno. Kutwa, ambalo wengine hutamka kuchwa, ni kuzama kwa jua. Machweo yametoka humo. Basi mchana kutwa ni mchana hadi jua lizame, na mwenzake ni usiku kucha.

Sasa lipeleke neno hilo Tromsø, kaskazini mwa Norwe. Kuanzia takriban Mei 20 hadi Julai 22, jua halichwi kabisa. Saa sita usiku linaning'inia upande wa kaskazini, na mgeni anahangaika na mapazia apate angalau lepe la usingizi. Mchana upo, kutwa haipo. Hata saa zetu zinakwama: saa moja asubuhi tunaihesabu tangu jua kuchomoza, na huko litachomozaje ilhali halikuzama? Waislamu wanaoishi huko nao wanaitafuta magharibi. Wapo wanaofuata saa za Makka.

Baadhi yetu huandika "jua la usiku wa manane". Siipendi tafsiri hiyo. Jua hilo halingoji manane. Mimi nitaandika "jua lisilokuchwa". Mwenye neno bora alilete.