Wapiganaji Wasiotajwa wa Ziwa Tanganyika

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Meli zao Kingani na Hedwig von Wissmann zilizunguka zitakavyo, na Wabelgiji wa Kongo hawakuwa na chombo cha kuzikabili. Mwezi wa Juni 1915 ikaongezeka Graf von Götzen, iliyokuja kutoka Papenburg vipande vipande katika masanduku kama 5,000, ikaungwa Kigoma.

Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou. (Jina la kwanza lisimpoteze msomaji, ni la Kifaransa.) Mashua hizo zilifika Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ikakoma, na mbele ikabaki milima ya Mitumba.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Vitabu vya Ulaya husimulia kirefu vituko vya nahodha Spicer-Simson na sketi aliyopenda kuvaa, lakini mashua hazikuvukishwa milima na sketi. Mamia ya Waafrika walikata msitu, wakafanya njia na kujenga madaraja zaidi ya 150. Matrekta ya mvuke yalipokwama, watu na maksai walivuta kamba. Matrekta hayo yalikunywa maji bila kiasi, na maji yakaadimika. Wanawake wa vijiji vya njiani wakayabeba kichwani ili vita vya wageni viendelee. Sisi hatuoni kwa nini kazi hiyo isiitwe kupigana.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilipigwa ikatekwa, kamanda wake akiwa amekufa. Ikapewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa. Katika meli za Wajerumani pia walikuwamo mabaharia wa Kiafrika, basi ndugu walikabiliana kwa amri za mabwana wawili. Mwezi wa Julai 1916, Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, mitambo yake wakiwa wameipaka mafuta mazito isiliwe na kutu.

Spicer-Simson alipewa nishani. Götzen iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba dagaa, wachuuzi na wakimbizi kwa miongo mingi. Mwaka huo huo wa 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini kwa jumla tu. Meli ina majina mawili yanayojulikana. Wale wanawake wa Mitumba, waliozijaza maji zile injini, hatuna hata jina la mmoja wao, wala hatujui kama walilipwa.