Kompyuta ilisema, nani alihesabu?

Leo naacha siasa kidogo.

Msimu uliopita niliandika habari ya makadirio ya mavuno. Namba zilitoka kwenye kompyuta ya mtaalamu, nami nikaziandika kama zilivyo. Mavuno yalipoingia, hayakufanana nazo hata kidogo. Mhariri akaniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza hesabu hizo zimejaribiwa wapi?" Nikanyamaza.

Tangu hapo nakikumbuka kisa cha Lund, Sweden.

Elektroni na positroni zikigongana kwa nishati kubwa, huweza kuzaliwa kwaki na antikwaki. Lakini hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikiwa peke yake. Kinachofika kwenye vipimo ni michirizi ya chembe nyingi zinazokwenda upande mmoja. Wanafizikia wanaiita jeti.

Sasa utajuaje kilichotokea kule katikati? Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bo Andersson, Gösta Gustafson na wanafunzi wao walikuja na picha rahisi: mpira wa manati. Kwaki na antikwaki zikiachana, mpira unavutika, unakatika, na kila unapokatika huzaliwa jozi mpya. Utakatikia wapi? Hapo kompyuta inarusha dadu. Programu yao, ambayo Torbjörn Sjöstrand alikuwa mmoja wa waandishi wake, iliitwa JETSET.

Utasema hizo ni hadithi tu. Subiri.

Mwaka 1979, mtambo wa PETRA mjini Hamburg ulionyesha migongano yenye jeti 3: ya kwaki, ya antikwaki na ya gluoni. Mwaka 1980 watu wa Lund wakasema: mpira hauendi moja kwa moja toka kwaki hadi antikwaki, unapitia kwanza kwa gluoni. Kwa hiyo, pengo lililo kati ya kwaki na antikwaki litakuwa na chembe chache kuliko mapengo mengine mawili.

Kikundi cha JADE, hapo hapo PETRA, kikahesabu. Kweli, zilikuwa chache.

Mwaka 1997 JETSET iliunganishwa na PYTHIA, programu yenye jina la kuhani mtabiri wa Ugiriki ya kale, na mpaka leo inatumika CERN. Yule kuhani watu walimwamini tu. Hii ya Lund ilitaja pengo la kwenda kuhesabu.

Mtaalamu wangu nitampigia tena msimu ujao. Safari hii najua pa kuanzia.