Unene, Wembamba na Siha katika Nchi ya Wasumbwa na Jirani Zao

Katika Masumbwe, mji ulio kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Ushirombo, mtu arejeaye nyumbani baada ya miaka mingi husalimiwa na wazee, akaulizwa habari za safari, kisha akasifiwa kuwa amenenepa. Mgeni hulipokea neno hilo kwa furaha. Kwa wazee hao kunenepa ni ushahidi kwamba alikokuwa alikula, alilala salama, wala hakuugua. Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba wahenga wetu wote waliupenda unene, au kwamba waliupenda kwa sababu moja. Historia ya sehemu hizi, ambazo zilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012 zilipoingizwa katika Mkoa mpya wa Geita, yatuonyesha mambo tofauti kabisa.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote watoka Karagwe, kaskazini-magharibi ya Usumbwa. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika katika ikulu ya mfalme Rumanika baada ya kuhangaika miezi mingi katika Uzinza na Usui. Huko Speke aliwakuta wake wa jamaa ya mfalme wakiwa wanene hata kusimama kuliwashinda. Alipouliza sababu, alionyeshwa vyombo vya maziwa: wasichana wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa tangu utoto, kwa kuwa desturi ya ikulu ilitaka wake wanene. Speke alimpima mmoja wao kwa utepe. Tukivigeuza vipimo vyake kuwa vya leo, mkono ulikuwa na mzingo wa sentimeta 58, kifua 132, paja 79, na kimo sentimeta 173. Ili apate ruhusa ya kumpima mama huyo, ilimbidi Speke naye aonyeshe miguu na mikono yake mitupu. Kwa hiyo mshangao haukuwa wa upande mmoja, ingawa wasomaji wa Ulaya waliousoma upande mmoja tu walikuwa wengi.

Lakini Speke aliandika jambo jingine ambalo latupasa kulitazama kwa makini zaidi. Binti wa mama huyo, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alikuwa ameketi akinywa maziwa, na baba yake amesimamia kazi hiyo na fimbo mkononi. Basi unene huo haukuwa starehe. Ulikuwa amri, na mwili wa binti ulikuwa mahali pa kuonyeshea wingi wa ng'ombe wa baba. Wanyambo walio wengi, waliolima mashamba ya Karagwe, hawakuwa na maziwa ya namna hiyo, wala mabinti wao hawakuweza kukaa kitako mchana kutwa. Anayeusifu utamaduni wa Karagwe kwa kuupenda mwili mnene hana budi kuikumbuka fimbo ile.

Tukigeuka kuwatazama Wasumbwa, twakuta sifa nyingine. Hao walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa mwendo mrefu. Msiri, aliyejenga dola yake Bunkeya katika Katanga na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mwana wa Usumbwa, na jamaa zake walikwenda huko kwa biashara ya shaba. Mpagazi wa misafara ya siku hizo alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, siku baada ya siku. Kwa mtu wa kazi hiyo mwili uliotakiwa ni ule wenye misuli na pumzi. Tangu hapo, ndani ya eneo moja la biashara, palikuwa na miili miwili iliyoheshimiwa: mmoja wa kukaa na mmoja wa kwenda.

Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe katika Afrika Mashariki, na baadaye mbung'o na malale vikaenea katika misitu ya magharibi. Maziwa yakawa haba. Chakula cha kutegemea kikawa ni mtama, muhogo, na viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikawa michembe.

Baada ya Uhuru, vita vilikuwa dhidi ya wembamba. Mwaka 1973 Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria, na mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya ikaendeshwa kwa redio na makundi ya kujisomea. Ile ya Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Katika zahanati watoto walining'inizwa kwenye mizani na uzito wao ukaandikwa katika kadi. Mizani ilihitajika kwa sababu jicho hudanganywa. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba uso na miguu, na mama asiyejua huweza kudhani kuwa mwanawe ananawiri, kumbe ule uvimbe ni maji tu. Wakati huo huo kitambi cha mtu mzima kilichorwa katika vibonzo kuwa alama ya mnyonyaji. Sifa ya ikulu ya Rumanika ikawa tuhuma.

Ndipo ukaja UKIMWI. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa huko wakauita ugonjwa huo Juliana. Wagonjwa walikonda sana. Upesi kila aliyekonda alitazamwa kwa mashaka, awe ana kifua kikuu, ana huzuni, au ameamua tu kupunguza chakula. Jambo hili, kwa maoni yangu, limebadili maana ya mwili katika mikoa ya Ziwa kuliko utawala wa kikoloni ulivyoweza. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, kilo zilizorudi zilikuwa habari njema ambayo jirani aliweza kuiona bila kuambiwa.

Siku hizi kipimo kitumiwacho ni uzito kwa kilo uliogawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Kilibuniwa na Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830, na Ancel Keys wa Marekani akakirudisha mwaka 1972. Uzito wa kawaida ni kati ya 18.5 na 25. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60 ni kilo 47 hadi 64. Quetelet alikusudia kueleza umma, si mtu mmoja, na hesabu yake haitofautishi mafuta na misuli. Mchimbaji wa dhahabu mwenye mabega mapana aweza kuhesabiwa mnene huku ana afya njema, na karani mwembamba mwenye kitambi akapita salama huku kisukari kinamnyemelea.

Hata hivyo hesabu haifai kudharauliwa. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi kiwango walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 katika uchunguzi wa 2015-16. Mafuta ya kupikia, sukari na soda vimefika vijijini, na safari za miguu zimepungua kwa sababu ya bodaboda. Mama aambiwaye na mganga apunguze kilo kumi kwa ajili ya shinikizo la damu hutoka zahanati akifikiri kwanza majirani watasema ana nini.