SS: ugonjwa uliofumbuliwa kwa damu ya majirani zetu

Mjini Goma, kuanzia Murara hadi Ndosho, vijana wanaotaka kuoana hushauriwa wapite kwanza maabara wajue kama ni AA (wasio na jeni S), AS (wenye S moja) au SS (wenye S mbili, yaani wagonjwa wa selimundu). Herufi hizo zina historia ndefu, na sura yake kubwa iliandikwa kwa damu ya watu wa ukanda huu.

Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari za mwanafunzi kutoka Grenada, Walter Clement Noel, ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimejipinda kama mundu. Chanzo hakukijua. Ilipofika 1949, James Neel wa Marekani na E. A. Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, walionyesha, kila mmoja kivyake, kwamba mtoto wa SS hurithi S moja kwa baba na nyingine kwa mama. Wenye AS wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS. Kumbe kumlaumu mama peke yake, au kumtafuta mchawi, hakuna msingi.

Mwaka huohuo Hermann Lehmann na Alan Raper walipima damu Uganda. Kwa Baamba, chini ya Rwenzori, mpakani na Beni, karibu watu 45 kwa kila 100 walibeba S. Iweje jeni inayoua watoto ienee hivyo?

Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Wajaluo 30 walikubali kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na S, 14 walionekana na vimelea. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu. S moja humkinga mtoto na malaria kali, kwa hiyo palipo na mbu wengi, wenye AS walikua, wakazaa, wakairithisha. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram wa Cambridge aligundua kwamba hemoglobini ya S hutofautiana na ya kawaida kwa asidi-amino moja tu.

Matibabu yalikawia. Hidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye SS. Afrika palikuwa na hofu kwamba ingezidisha malaria. Utafiti uliofanyika Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, ukamhusisha Profesa Léon Tshilolo wa Kinshasa, uliiondoa hofu hiyo: watoto 606 walianzishiwa dawa, na malaria, kuongezewa damu na vifo, vyote vikapungua. Matokeo yalitoka Desemba 2018, miaka 20 baada ya idhini ya Marekani.

Kipimo cha wachumba kinawafaa ambao hawajazaa. Aliyekwisha kuzaliwa na SS anahitaji kugunduliwa akingali mchanga, apewe chanjo, akingwe na malaria, na hidroksiurea ipatikane kwa bei ambayo mzazi wa Murara ataimudu kila mwezi.