Hisia mseto kuhusu vibonzo vya watu wazima vinavyojadili kifo

VIBONZO vimezoeleka kuwa burudani ya watoto. Mzazi akisikia sauti zake runingani, aghalabu huendelea na shughuli zake bila wasiwasi. Hata hivyo, The Midnight Gospel, msururu wa vibonzo uliotolewa na kampuni ya Netflix mnamo Aprili 20, 2020, haukukusudiwa watoto hata kidogo. Miongoni mwa watu wazima wenyewe, uliibua hisia mseto: baadhi waliupokea kama faraja, ilhali wengine waliuona kuwa vurugu tupu la rangi na maneno.

Msururu huo wa sehemu nane ulibuniwa na Wamarekani wawili. Wa kwanza ni Pendleton Ward, aliyepata umaarufu kwa kubuni vibonzo vya Adventure Time vilivyoonyeshwa kati ya 2010 na 2018. Wa pili ni mchekeshaji Duncan Trussell, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwahoji watu wa tabaka mbalimbali katika podikasti yake. Mahojiano hayo ya kweli ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa kazi yao.

Mhusika mkuu ni Clancy, kijana aliye na mtambo unaoiga malimwengu mengine. Huingiza kichwa chake ndani ya mtambo huo, akapata mwili mpya katika ulimwengu ambao mara nyingi unakaribia kuangamia, kisha akamhoji mtu anayekutana naye huko. Sauti ya Clancy ni ya Trussell mwenyewe, na sauti za wanaohojiwa ni za wageni halisi wa podikasti yake.

Ajabu ni kwamba yanayosemwa na yanayoonekana hayaandamani. Katika sehemu ya kwanza, daktari Drew Pinsky anazungumzia dawa za kulevya kwa utulivu wa mtu aliyeketi studioni. Lakini machoni pa mtazamaji, daktari huyo ni rais wa Marekani anayekabiliana na umati wa mazombi. Katika sehemu nyingine, mfungwa anajaribu kutoroka gerezani, anauawa, kisha anarudi alikoanzia, mara baada ya mara, huku mazungumzo yakihusu roho na kuzaliwa upya.

Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Waliokosoa msururu huo walidai kuwa macho huvutwa na damu na viumbe vya ajabu, masikio yakapitwa na hoja. Mtu akipoteza neno moja, walisema, hulazimika kurudi nyuma. Wengine walichoshwa na mijadala kuhusu tafakuri na imani za Mashariki, wakasema ni falsafa isiyo na mwanzo wala mwisho.

Waliousifu walikuwa na jibu lao. Kwao, vurugu hilo ndilo lililokuwa ujumbe wenyewe, kwani binadamu hatafakari maisha akiwa mahali patulivu, bali dunia ikiendelea kumzonga. Isitoshe, msururu ulitolewa wakati mataifa mengi yalikuwa yamefunga shughuli kutokana na janga la korona, na kifo kilikuwa gumzo la kila siku.

Wageni wenyewe si watu wa porojo. Damien Echols, anayesikika katika sehemu ya tatu, aliachiliwa mwaka 2011 baada ya kukaa zaidi ya miaka 18 gerezani jimboni Arkansas, akisubiri hukumu ya kifo itekelezwe. Caitlin Doughty, ambaye kazi yake ni kuandaa maiti kwa mazishi, ndiye sauti ya Kifo katika sehemu ya saba. Anaeleza jinsi Wamarekani walivyoacha kuwahudumia wafu wao nyumbani na kuwakabidhi wenye biashara ya mazishi, hata kifo kikawa jambo la kuogopwa na kufichwa.

Ila ni sehemu ya mwisho iliyowaunganisha wengi, hata waliokuwa na shaka. Ndani yake Trussell anazungumza na mama yake mzazi, Deneen Fendig, mwanasaikolojia aliyefariki mwaka 2013 kutokana na saratani. Mazungumzo hayo yalirekodiwa muda mfupi kabla ya kifo chake. Katika picha, mama anazeeka na kuaga dunia, kisha mwana anamzaa upya. Mwana anapouliza afanye nini na moyo unaovunjika, mama hampi nadharia yoyote. Anamwambia alie. Hapa picha na maneno yanashikana mkono, na lawama kwamba msururu huo hauna maana hukosa mashiko.

Mwaka 2022 ilibainika kwamba Netflix haingeendelea na msururu huo, jambo lililowasikitisha mashabiki.

Mzazi asihadaike na rangi zake za kupendeza, kwani zimebeba umwagikaji wa damu na lugha isiyowafaa watoto. Kwa mtu mzima aliyefiwa, au anayeuguza mzazi na kukosa la kumwambia, sehemu ya nane inaonyesha kwamba hata mazungumzo hayo magumu yanawezekana mgonjwa angali hai.