Insulini peke yake haitoshi

Ndugu zangu, leo naomba niseme mapema kwamba nina upande. Mdogo wangu wa mwisho ana kisukari. Aligundulika mwaka 2013 akiwa na miaka 11, baada ya wiki tatu za kutibiwa malaria kwenye zahanati moja, huku anakunywa maji kama mchanga, anakojoa usiku kucha na kukonda hadi nguo zinamvuka. Bibi alikataa katakata. "Kisukari ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi. Huyu kautoa wapi?"

Tangu hapo nimekuwa nachimba historia ya ugonjwa huu. Tuanzie Toronto, Kanada.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto mwenye kisukari cha aina hii alikuwa anasubiri kifo. Madaktari walimpa chakula kidogo sana, karibu na kumshindisha njaa, ili asogeze siku. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J.J.R. Macleod, walifanikiwa kutoa kwenye kongosho la mbwa kitu kinachoshusha sukari. Januari 11, 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza. Haikumsaidia. James Collip akaisafisha dawa, na Januari 23 akachomwa tena. Safari hii sukari ilishuka. Kijana yule aliishi hadi 1935.

Wagunduzi waliuza hati miliki kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Dola moja! Kumbukeni tarakimu hiyo.

Wakati huohuo huko Boston, daktari Elliott Joslin alikuwa anasisitiza jambo jingine: mgonjwa afundishwe. Tangu 1918 alikuwa ameandika kitabu cha kutumiwa na daktari pamoja na mgonjwa. Kwake, mwenye kisukari anayejua ugonjwa wake huishi zaidi, kwa sababu daktari anamwona mara chache tu, lakini sukari yuko nayo kila saa.

Sasa tuje kwetu. Kati ya 1981 na 1987, Muhimbili waliandikisha na kufuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari. Kati yao 272 walihitaji insulini. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Donald McLarty na Andrew Swai. Halafu wakapiga hesabu ya gharama: mwaka 1989/90, kumhudumia mgonjwa mmoja wa insulini kwa mwaka kuligharimu wastani wa dola 287. Kwa asiyehitaji insulini ilikuwa dola 103. Zaidi ya theluthi mbili ya gharama za mgonjwa wa insulini asiyelazwa zilikuwa za kununua insulini yenyewe. Dola 1 ya Toronto ilikuwa imeishia wapi?

Ndiyo maana nasema historia ya insulini Tanzania ni historia ya watu waliojipanga kuizunguka ile chupa. Chama cha Kisukari kilianzishwa mwaka 1985. Baadaye ikaja mipango ya kuwasaidia watoto, kama Life for a Child ulioanza mwaka 2000 na Changing Diabetes in Children wa mwaka 2009. Mtoto akapata insulini, sindano, vifaa vya kupimia na mafunzo bila kulipa.

Mdogo wangu ni zao la mpango wa namna hiyo. Siku ya kwanza kliniki, nesi alikaa na mama karibu saa nzima. Pima asubuhi, andika kwenye daftari. Badilisha mahali pa kuchoma. Kama hamna friji, au umeme umekatika, weka insulini kwenye mtungi wa udongo mahali penye kivuli. Usitoke bila pipi mfukoni. Watoto wakubwa ndio waliomfundisha kujichoma mwenyewe.

Mara ya tatu bibi akaenda naye. Alinuna njia nzima, lakini alisikiliza. Miezi michache baadaye, usiku wa manane, mdogo wangu alianza kutetemeka na kuloa jasho, maneno hayaeleweki. Mama alikuwa safarini, mimi nilikuwa nimeganda mlangoni kama sanamu. Bibi ndiye aliyekoroga maji ya sukari, akamnywesha polepole mpaka akarudiwa na fahamu. Insulini tulikuwa nayo ndani, ila usiku ule kilichomwokoa ni somo la nesi.

Sasa mdogo wangu ni mtu mzima, na mipango hii ni ya watoto na vijana. Ukikua, unatoka. Mwaka 2023 nchi yetu ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mimi naisubiri kwa swali moja tu: je, bima hiyo italipia chupa peke yake, au italipia na ile saa moja ya nesi?

Bibi naye anauliza hivyohivyo.