Kushusha Injini: Historia ya Kazi na ya Maneno Yake

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kazi moja ya ufundi, nayo ni kushusha injini inayopozwa kwa hewa kutoka katika gari la Volkswagen la aina ya kombi, hasa yale yaliyotengenezwa kuwa magari ya safari yenye vitanda na jiko ndani yake. Huenda msomaji akauliza: jambo hili lahusu nini mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali? Jibu letu ni kwamba injini hiyo ina uzito wa kilo mia moja hivi, na anayeishusha nyumbani aghalabu huwa amelala chini yake, akiongozwa na maandishi. Kitenzi kimoja kikitumiwa ovyo katika maandishi hayo, mtu aweza kuumia.

Tuanze na gari lenyewe. Mwezi Aprili mwaka 1947, Mholanzi Ben Pon, mfanyabiashara wa magari, alichora katika daftari lake gari la mizigo lenye umbo la sanduku, dereva akiwa mbele kabisa na injini ikiwa nyuma kabisa. Gari hilo lilionyeshwa kwa waandishi wa habari mwezi Novemba 1949, na kiwanda cha Wolfsburg, Ujerumani, kikaanza kulitengeneza kwa wingi mwezi Machi 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ilianza kulitilia samani za safari. Jina kombi ni mkato wa neno refu la Kijerumani lenye maana ya gari la matumizi zaidi ya moja, yaani abiria na mizigo pamoja.

Injini ya kwanza ya gari hilo ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,131 na nguvu za farasi 25 tu. Silinda zake nne zililala ubavu, mbili kila upande, nazo zilizungukwa na mapezi ya chuma yanayotawanya joto. Feni iliyofungwa kwenye shafti ya jenereta ilivuta hewa na kuipuliza juu ya mapezi hayo. Kwa hiyo hapakuwa na rejeta, wala maji ya kuchemka au kuganda, wala mipira ya kupitishia maji. Hii ndiyo sababu kubwa iliyoiwezesha kazi ya kushusha injini kutoka katika karakana za kampuni na kuhamia uani kwa mwenye gari. Injini nzima ilishikwa kwenye giaboksi kwa boliti na nati nne. Katika kombi za kizazi cha pili, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1967, uliongezwa mhimili wa kuishikilia kwa nyuma.

Mwaka 1969 mhandisi mmoja Mmarekani, John Muir, alitoa kitabu cha kuwafundisha wenye magari hayo kuyatengeneza wenyewe, kikiwa na michoro ya Peter Aschwanden. Katika jina la kitabu hicho mwandishi alimwita msomaji wake mjinga kabisa, kwa mzaha wa kirafiki. Hapa mfasiri hukutana na mtihani wake wa kwanza. Katika Kiswahili cha leo neno mjinga laweza kuwa tusi. Lakini katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19 lilitumiwa pia kwa mtu mgeni aliyefika karibuni, asiyejua bado mambo ya mahali. Maana hiyo ya zamani ndiyo iliyo karibu zaidi na nia ya mwandishi: mtu ambaye hajafundishwa, wala si mtu asiyefundishika.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kwa utaratibu wake. Kwanza waya hasi wa betri huondolewa. Pili, mpira wa petroli hubanwa au kuzibwa. Katika kombi tangi liko mbele ya injini na juu zaidi, hivyo petroli hutiririka yenyewe, na hatari ya moto ni kubwa. Tatu, waya wa mafuta huachanishwa na kabureta, na nyaya za umeme huwekewa alama kabla ya kuchomolewa. Nne, mabomba ya hewa ya moto, pamoja na nyaya zinazoyaendesha, hutenganishwa na bodi. Tano, jeki huwekwa chini ya injini na kupandishwa mpaka ibebe uzito. Baada ya hapo tu ndipo nati na boliti zinazoishika injini hufunguliwa zote. Kisha injini huvutwa nyuma, sawasawa bila kuining'iniza, hadi shafti ya giaboksi itoke kabisa katika sahani ya klachi. Mwisho, jeki huteremshwa polepole.

Msomaji atakuwa ameona kwamba utaratibu huu wahitaji vitenzi visivyobadilishana nafasi. Kulegeza nati ni kuizungusha kidogo nayo ikabaki mahali pake. Kuifungua ni kuitoa kabisa. Mfasiri anayeandika “fungua” mahali palipotakiwa “legeza” humwambia fundi aiachie injini kabla jeki haijaibeba. Kuchomoa ni kukitoa kitu kwa kukivuta kutoka mahali kilipoingizwa, na ndicho kitenzi kinachofaa kwa shafti na klachi. Aliyeambiwa “shusha” mahali hapo ataiteremsha injini ingali imeshikana na shafti, na uzito wote utaielemea sahani ya klachi.

Hata jina la kazi nzima lahitaji uangalifu. Mafundi wetu husema “kushusha injini” hata kwa magari ambayo injini yake hunyanyuliwa kwa mnyororo kupitia mbele. Wako baadhi ya wasomi wanaoliona hilo kuwa kosa. Sisi hatukubaliani nao. Kushusha ni pia kupakua, kama tusemavyo kushusha mzigo kutoka katika jahazi, hata kama mzigo huo hupandishwa kwanza kutoka tumboni mwa chombo. Kwa kombi, maana zote mbili hukutana. Kwa upande mwingine, “kufungua injini” kwa fundi ni kuikongoa vipande vipande ili kuitengeneza. Mfasiri akiyachanganya mawili haya, atakuwa ameagiza kazi ya siku kadhaa badala ya kazi ya saa chache.

Vivyo hivyo, hatupendekezi kusema “injini ya upepo”. Katika gereji upepo ni ule unaojazwa katika magurudumu. Injini inayopozwa kwa hewa ni maelezo marefu kidogo, lakini hayampotezi mtu. Na mwandishi aangalie asiandike “kupooza” kwa “kupoza”, maana injini iliyopooza haiendi popote.

Lipo jambo la historia linalostahili kukumbukwa hapa. Utawala wa Wajerumani katika Tanganyika ulituachia maneno kama shule na hela. Lakini magari yalienea baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza; kwa hiyo gari hili la Kijerumani lilipofika, sehemu zake zilipewa majina yaliyokwisha kupitia Kiingereza: klachi, giaboksi, kabureta, plagi, jeki, spana. Maneno haya yamekaa. Kuyaondoa ili kuweka mapya kungekuwa kumnyang'anya fundi chombo kilichomo mkononi mwake. Kazi iliyobaki ni kusanifisha tahajia, na hasa kuvipanga vitenzi, ambavyo ni mali yetu wenyewe. Lugha yetu ina utajiri hapa: chomeka na chomoa, funga na fungua. Vitabu vingi vya ufundi husema tu kwamba kurudisha ni kinyume cha kutoa; Kiswahili huubeba ukinyume huo ndani ya kitenzi chenyewe.

Kombi za Ujerumani ziliacha injini ya hewa na kuchukua ya maji mnamo miaka ya 1982 na 1983. Brazil iliendelea nayo hadi mwezi Desemba 2005, na kombi yenyewe ikasita kutengenezwa huko mwaka 2013. Hata hivyo magari ya zamani yangali yakitunzwa, na injini zake zingali zikishushwa. Ni maoni yetu kwamba mfasiri wa maandishi ya ufundi asiridhike na kamusi peke yake, bali aende gereji, hata ile bubu iliyo chini ya mwembe, na kusikiliza fundi anavyomwamuru msaidizi wake wakati mzigo uko hewani. Hapo hasemi neno lisilo na maana.